Mpishi Aliyetaka Kisu Kinachokata

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi hii. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, usiache. Tena ndiyo vizuri zaidi, maana leo tunamkumbuka mtu wa jikoni.

Jumanne ya wiki iliyopita tulimpoteza mpishi wa hospitali tuliyemzoea kwa jina la Mama Nyanya. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alipika hospitalini miaka ishirini na sita. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Mama Nyanya, mpishi wa hospitali, miaka ishirini na sita kwenye jiko moja. Na katika miaka hiyo, miaka tisa ya mwisho aliomba kitu kimoja tu. Aliomba kisu kinachokata.

Najua mmetabasamu. Hata mimi nilicheka wakati ule. Nitawaeleza nilivyocheka, na kwa nini leo sina hamu ya kucheka.

Kwanza hilo jina. Wapo waliodhani aliitwa Nyanya kwa sababu ya wajukuu. Wajukuu alikuwa nao, sita, na kelele zao nilizisikia mwenyewe nilipokwenda nyumbani kwake juzi. Lakini jina lilitokana na nyanya ya kuliwa, ile nyekundu, aliyotembea nayo ndani ya mkoba. Tutafika huko.

Alizaliwa wa nne kati ya watoto saba. Baba yake alikuwa fundi baiskeli. Kupika alifundishwa na shangazi yake, aliyekuwa akiwauzia wajenzi chakula cha mchana. Shangazi huyo alikuwa na kisu kimoja, mpini umefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, na alikinoa kila asubuhi kabla hata hajanawa uso. Binti mkubwa wa marehemu, ambaye ni mshonaji, aliniambia hivi: "Mama alikuwa akisema, moto aliruhusiwa kuugusa akiwa na miaka minane. Kisu, mpaka alipofika kumi na miwili. Shangazi mtu alikuwa mkali kuliko hicho kisu chenyewe."

Alipoingia hospitalini alikuwa na miaka thelathini na minne, mke wa mtu, mama wa watoto watatu. Jiko la hospitali lilikuwa chini, nyuma ya jengo kubwa. Dirisha moja refu lenye wavu. Meza ya bati. Sufuria tatu ambazo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Kila asubuhi magunia mawili ya kabichi, gunia la vitunguu, karoti, viazi, na maboga msimu wake ukifika. Wagonjwa mia tatu wanasubiri kula. Wapishi watano. Visu vinne.

Nisikilizeni hapo. Wapishi watano, visu vinne. Na hivyo visu!

Vilikuwa vinaletwa mara moja kwa mwaka, ndani ya boksi. Vinang'aa mpaka ungeweza kujitazama ukapaka wanja. Wiki ya kwanza vinakata. Wiki ya pili vinakata ukivibembeleza. Wiki ya tatu mpini unacheza mkononi, na makali hayapo. Wapishi walivinoa kwenye tako la sahani, wakavinoa kwenye ngazi ya saruji pale mlangoni mpaka ngazi ikafanya mfereji. Bure. Chuma chenyewe kilikuwa laini. Unakinoa saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa nne makali yamelala.

"Tulikuwa hatukati kabichi," mpishi mwenzake aliniambia. "Tulikuwa tunagombana nayo."

Mpishi huyo mwenzake ndiye Kijiko. Walimwita Kijiko kwa sababu ya mwili mwembamba na kichwa kikubwa, na yeye mwenyewe hajawahi kununa kwa hilo. Alhamisi moja asubuhi Kijiko alikuwa anapasua boga. Kisu hakiingii. Akakilalia kwa uzito wa mwili wote. Kisu kikateleza juu ya ganda, kikatua kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kikaenda mpaka kwenye mshipa unaokunja kidole.

Mama Nyanya alimfunga kwa aproni yake, akamburuta ngazi zote hadi wodini. "Angalau hospitali haikuwa mbali," Kijiko aliniambia, akacheka. Lakini kidole kile hakijakunjika tena hadi leo. Aliponipa mkono kunisalimia, kilibaki kimenyooka kama kinanionyesha kitu nyuma yangu.

Wengi wetu tunaogopa kisu kikali, wasikilizaji wapendwa. Tunaficha kikali, tunawapa watu butu tukidhani tunawalinda. Mama Nyanya alikuwa akisema kikali unakiheshimu, kinakwenda unakokipeleka. Butu unakisukuma, na ukikisukuma hujui kitaishia wapi.

Fomu ya ajali ilijazwa siku hiyo hiyo. Pale palipoandikwa chanzo cha ajali, yakawekwa maneno matatu: uzembe wa mfanyakazi. Kijiko akahamishiwa chumba cha kufulia mashuka. Miezi mitano baadaye mkataba wake ukaisha, haukuongezwa, na sababu ikawa maneno yale yale matatu.

Hapo ndipo Mama Nyanya alipokasirika. Na hasira hiyo, bintiye anasema, haikushuka tena. "Alirudi nyumbani hajavua viatu, akamwambia baba, 'Wamemwita mzembe. Yule kijana! Nitawaonyesha mzembe ni nani.' Baba akamuuliza utawaonyeshaje. Akasema, 'Nitatafuta kisu.'"

Basi akaanza kutafuta. Siku yake ya mapumziko anaweka nyanya mbili kwenye mkoba, moja ngumu, moja iliyoiva sana, anaingia madukani. Anaomba kisu, anatoa nyanya, anataka kukijaribu pale pale kaunta. Muuza vyombo mmoja akamwambia, "Mama, hapa ni dukani, si jikoni kwako." Akamjibu, "Viatu unaniacha nivae nitembee. Kisu kina ubaya gani?" Akatolewa nje. Alitolewa nje ya maduka matatu, na la nne mlinzi alishamjua, akamwona kwa mbali akafunga mlango.

Alijifunza mengi kwa kutolewa nje. Aligundua kwamba kisu cha bei ya chini kabisa ni kama boksi lake: rangi tupu. Aligundua pia kwamba kile cha bei kubwa, kile kinachokaa peke yake kwenye kabati la kioo chini ya taa, unalipia kabati na taa. Alianza kutazama vitu ambavyo sisi hatuvitazami. Je, chuma kimepita ndani ya mpini mpaka mwisho, au kimechomekwa kidogo tu? Ukiwa umekishika juu ya ubao, vidole vinapata nafasi chini ya mpini au vinagonga? Ukikiweka juu ya kidole kimoja pale bapa linapokutana na mpini, kinatulia au kinaanguka upande mmoja? Cha meno meno hakutaka hata kukiona. "Meno ni ya msumeno," alisema. "Kisu kinachojiamini hakihitaji meno."

Alikipata mahali ambapo hakutegemea. Duka la misumari, kamba na rangi za nyumba. Mwenye duka, mzee mmoja wa maneno machache, alikuwa na visu vitano vya mpishi kwenye droo, vimefungwa kwenye karatasi ya kahawia, hakuna aliyevitaka kwa sababu havikuwa vizuri machoni. Mpini mweusi wa plastiki. Bapa halina hata maua. Urefu kama kutoka kifundo cha mkono wako hadi ncha ya kidole kirefu, na kidogo zaidi. Bei yake haikufika robo ya kile cha kwenye kioo.

Mama Nyanya akatoa nyanya iliyoiva sana. Akaiweka kwenye kaunta. Akakilaza kisu juu yake, akakivuta tu. Hakusukuma. Nyanya ikagawanyika, haikumwaga hata maji.

Mzee akasema, "Umeridhika?"

Akasema, "Baba, mimi nimezunguka mji mzima, na wewe umekificha kwenye droo!"

"Sikukificha. Hakuna aliyeuliza."

Akakinunua pamoja na jiwe la kunolea, lenye upande wa kukwaruza na upande laini. Jumatatu akaingia nacho kazini. Kijiko hakuwepo tena kuona, lakini wapishi wengine wanasimulia kama harusi. Gunia la vitunguu ambalo lilikuwa likiwachukua hadi saa nne, siku hiyo lilikwisha saa tatu kasoro. Akawafundisha. Kunja vidole vya mkono unaoshika, kucha ziangalie ndani, bapa liegemee vifundo. Weka kitambaa chenye unyevu chini ya ubao usitembee. Kisu usikitupe kwenye beseni la vyombo. Kioshe wewe, kikaushe wewe, kirudishe wewe. Jiwe na maji mara mbili kwa wiki. Akasema hata mtoto wa shule anaweza.

Wiki mbili. Wasikilizaji wapendwa, kisu kile kilifanya kazi wiki mbili tu.

Msimamizi wa jiko akaja na karatasi. Kanuni inakataza vifaa binafsi sehemu ya kazi. Kisu kikafungiwa kabatini, akawa anapewa saa ya kutoka, anakwenda nacho nyumbani, asubuhi kinafungiwa tena. Akauliza, "Kwa hiyo mnataka nitumie kile kilichomkata mwenzangu?" Msimamizi akasema, "Mama, mimi natekeleza." Akashauriwa aandike barua ili hospitali inunue visu kama hicho.

Akaandika. Bintiye ndiye aliyemwandikia, kwa mwandiko mzuri, na mchoro wa kisu pembeni. Jibu likaja baada ya miezi miwili: ombi lako linashughulikiwa. Akaandika ya pili. Ombi lako linashughulikiwa. Ya tatu, ikapotea. Ya nne akaipeleka mwenyewe mkononi, akasubiri kwenye benchi hadi ofisi ikafungwa. Ombi lako linashughulikiwa. Barua nne, miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu wapishi wengine wawili walishonwa mikono.

Na sasa nafika kwenye sehemu yangu. Nimeisogeza mbele kadiri nilivyoweza.

Mwaka huo wa tatu alipiga simu hapa, kwenye kipindi cha asubuhi. Mada ilikuwa mapishi ya haraka. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti hiki. Nikamkaribisha, nikamtania kidogo kuhusu nyanya, tukacheka. Kisha akasema, kwa sauti ile yake ya kutokuwa na haraka: "Mwanangu, kabla ya mapishi, niseme. Vile visu kumi na viwili mlivyotangaza sasa hivi, vyenye mkasi na kibao chake, nimevijaribu. Vinafanana kabisa na vya hospitali. Vimewakata watu wetu. Msiwauzie watu—"

Nilibonyeza kitufe. Nikasema hewani, "Ah, inaonekana mtandao umetusumbua, tutamtafuta mama yetu." Nikaweka muziki.

Mtandao haukuwa na tatizo lolote. Tangazo lile ndilo lililokuwa linalipia kipindi, na mimi niliogopa. Hatukumtafuta mama yetu.

Yeye ndiye aliyetutafuta. Kesho yake alifika hapa kituoni na mkoba wake. Dada wa mapokezi alinipigia simu ya ndani. Nikamwambia aseme nimetoka. Nilikuwa nyuma ya ukuta, hatua kumi kutoka pale, nakula mkate wangu. Mama Nyanya hakubisha. Aliomba sahani mbili. Akakata nyanya moja kwa kisu cha kwenye tangazo letu, nyingine kwa kisu chake. Akaziacha kaunta, akamwambia dada wa mapokezi, "Akirudi aangalie, halafu aniambie ni ipi mtandao ulisumbua."

Nilipotoka nilizikuta. Sahani moja ilikuwa uji mwekundu wenye mbegu. Nyingine vipande vyembamba mno. Kimoja kilikuwa kimedondokea kwenye kitabu cha wageni, na jina lake alilojisajili lilikuwa linasomeka chini yake. Hapo ndipo nilipocheka. Nilicheka, nikarudi studio, nikasoma tangazo lile lile. Dada wa mapokezi alizila zile nzuri kwa chumvi.

Sikumpigia. Sikumpigia mwaka ule, wala uliofuata. Ningependa kuwaambia nilijirekebisha. Sikujirekebisha. Tangazo liliisha lenyewe, mkataba wake ulipoisha.

Yeye aliendelea. Mwaka wa sita, hospitali ilipata daktari mkuu mpya, daktari wa upasuaji, mtu mrefu mwenye kupenda kutembelea kila chumba. Siku alipoteremka jikoni, Mama Nyanya alikuwa ameshaweka ubao, nyanya, na kisu cha hospitali.

"Karibu, Daktari. Tunaomba utukatie hii."

Wenzake walitamani ardhi ifunguke. Daktari akatabasamu, akakunja mikono ya koti, akakata. Kisu kikaikandamiza nyanya mpaka ikapasuka. Maji yakamrukia kifuani, kwenye koti jeupe.

Mama Nyanya akampa kitambaa, akamuuliza kwa adabu zote, "Daktari, wewe ungempasua mtu kwa hiki?"

Wanasema alikigeuza kile kisu, akapitisha kidole kwenye makali. Akauliza kuna aliyewahi kuumia. Wakamwambia habari ya Kijiko na wale wengine. Akaomba kile kingine, cha kabatini, akakata nyanya ya pili. Alipanda ofisini, akaagiza faili, na wiki ile ile aliandika barua mbili.

Ya kwanza ilisahihisha fomu ya Kijiko: chanzo cha ajali, kifaa kisichofaa. Kijiko anayo, ameiweka kwenye fremu ukutani. Kazi hakurudishiwa, nafasi yake ilishajazwa na yeye alishaanza kuuza maziwa. Lakini aliniambia, "Dada yangu Mama Nyanya alinirudishia jina. Watoto wangu wanasoma pale ukutani kwamba baba yao hakuwa mzembe."

Barua ya pili iliagiza visu sita, aina ile ile ya mpini mweusi. Jiko zima lilipiga vigelegele.

Lakini barua ilipita ofisi ya ununuzi, na pale mtu akaongeza maneno matatu: au vinavyofanana navyo. Boksi likafika. Mipini mieusi, ndiyo. Bapa bila maua, ndiyo. Mama Nyanya akachukua kimoja, akakata nyanya mbele ya mtunza stoo. Uji.

"Saini hapa kwamba umepokea," mtunza stoo akamwambia.

"Sijapokea visu. Nimepokea mipini."

Akakataa kusaini. Mwingine akasaini. Daktari mkuu alikuwa ameshahamishwa. Na Mama Nyanya akatumia mipini ile miaka mitatu, mpaka siku aliyostaafu, huku kisu chake kikimsubiri kabatini.

Baada ya kustaafu alikwenda kwa yule mzee wa misumari, akaomba kona ya kibaraza. Kila Jumamosi asubuhi anakaa pale na jiwe lake na bakuli la maji, ananoa visu vya majirani. Anayetaka kuoa au kuolewa anapita kwanza kwake kuuliza anunue kipi. Hakuchoka kueleza. Mzee alilazimika kuagiza droo mpya. Mumewe anasema mtaani kwao hakuna nyumba isiyo na kile kisu cheusi, na kila anapokaribishwa kula anaona vitunguu vimekatwa sawasawa, anajua ni mkono wa mkewe.

Miezi miwili iliyopita moyo wake ulianza kumsumbua. Akalazwa hospitali ile ile, ghorofa mbili juu ya jiko lake. Bintiye alikuwa naye mchana ule wa mwisho. Chakula kilipoletwa, mama aliinua kabichi kwa uma, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Akaniambia, 'Hii haikukatwa. Imechanwa. Nani yuko zamu leo? Nenda kamwangalie mikono.' Nikamwambia mama, kula kwanza. Akasema, 'Nenda.' Nikashuka. Kulikuwa na binti mgeni, ana plasta vidole viwili. Niliporudi kumwambia, alikuwa amesinzia. Hakuamka."

Wasikilizaji wapendwa, familia imempa binti yule wa jikoni kile kisu cha mpini mweusi. Kimenolewa mpaka bapa limebaki na upana wa vidole viwili. Nimeambiwa kwamba msimamizi ameshampelekea karatasi ya kanuni.

Kwa mumewe, kwa watoto wake watatu na wajukuu sita, kwa Kijiko na wapishi wote aliofanya nao kazi, poleni sana. Poleni kwa msiba, na poleni kwa miaka tisa aliyosubiri. Mwenyezi Mungu ampumzishe mahali pema. Deni langu kwake nimelitaja hewani, mahali pale pale nilipomnyamazisha, na najua kwamba yeye halisikii.

Kwako unayesikiliza, naomba utafakari. Ni nani anayetafuta riziki yake kwa kifaa ambacho wewe usingekubali kukishika? Na kama wewe ndiye unayeweka saini kwenye hizo karatasi, iwe za hospitali, za shule au za kiwanda, kesho asubuhi, kabla hujakaa kwenye kiti chako, teremka jikoni. Omba kitunguu. Shika kisu wanachokitumia wao, ukate kitunguu chote mpaka mwisho. Halafu panda ukasaini.